Siku Nilipochelewa Kumwita Baba Mishi

Kila mwaka, wiki ya Krismasi ikifika, harufu ya manyoya ya mbuzi yanayoungua hupanda mpaka ghorofa ya tatu hapa Miritini na kuingia jikoni kwangu bila hodi. Majirani wa chini hukoka moto nyuma ya matangi ya maji, wakageuza kichwa na miguu ya mbuzi juu ya makaa, huku wakikwangua kwa kisu na kucheka. Watoto wangu huziba pua. Mume wangu, mtu wa kupenda hewa safi, huniuliza kwa nini sifungi dirisha, nami humjibu kuwa joto limezidi. Si kweli. Naliacha wazi kwa sababu harufu ile hunirudisha uani kwetu Mtongwe, nikiwa na miaka tisa, siku niliyofanya jambo ambalo mume wangu sijamwambia mpaka leo. Ninyi nitawaambia, ila msinicheke mpaka nimalize.

Tulikuwa tukikaa Likoni, upande huo wa Mtongwe, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Vyumba viwili vya mwisho vilikuwa vyetu. Asili yetu ni Kaloleni, Wagiriama wa kanisani, na baba alikuwa kibarua bandarini, leo zamu ya mchana, kesho zamu ya alfajiri. Majirani zetu wengi walikuwa Wadigo, wenyeji wa pale tangu enzi za mababu, wenye mashamba ya mihogo na minazi yaliyoanzia pale nyumba zilipokomea. Na katika majirani hao wote, wa kwanza kwetu walikuwa Baba Mishi na mkewe, waliokaa nyumba ya tatu kutoka yetu.

Baba Mishi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyomfanya kila mtu anyamaze ili amsikie. Mama Mishi yeye alikuwa na sauti ya kutosha watu wawili. Mama yangu alipolazwa hospitali miezi miwili na mdogo wangu wa mwisho, Mama Mishi ndiye aliyetulisha, akatuogesha, akatuchania nywele mpaka tukalia. Jumapili alitupeleka kanisani mwenyewe, akakaa nje chini ya kivuli cha ukuta na buibui lake, akatungoja mpaka ibada iishe. Alisema mama yetu hakuacha neno kwamba tuache kusali, kwa hiyo hatutaacha. Mama aliporudi na kuambiwa hayo alikaa kitandani akalia, na tangu siku hiyo hakuna kitu kizuri kilichopikwa kwetu ambacho Mama Mishi hakukionja.

Basi kwetu Krismasi ilikuwa na desturi yake. Babu alituletea mbuzi kutoka Kaloleni, akafungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, na asubuhi ya sikukuu mtoto mmoja wa nyumbani alitumwa kwa Baba Mishi. Haikufaa kumwita ovyo. Ulipiga hodi, ukaamkia, ukasema, "Baba anakusalimu, na mbuzi anakungoja." Naye alijibu, "Mwambie naja, inshallah." Halafu alikuja na kofia yake na kisu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akamlaza mbuzi kuelekea kibla, akasema Bismillahi, na kazi ikaisha kabla hujamaliza kufumba macho. Kwa njia hiyo mbuzi wetu wa Krismasi aliweza kuliwa na mtaa mzima, na mchana mkeka mmoja ulitosha watu wa msikitini na wa kanisani. Hakuna aliyenikalisha chini kunieleza. Lakini kufikia miaka tisa nilijua vizuri sababu yake, maana shuleni nilimwona Mishi, binti yao na rafiki yangu, akirudisha mapaja mazuri kabisa ya kuku kwa kuwa hakujua yalichinjwa na nani. Lile jambo lilinitia adabu, kwa sababu mimi paja la kuku nisingelirudisha hata lingechinjwa na fisi.

Mwaka huo tulipata wageni wakubwa. Mama Mdogo Sidi, ndugu wa mama, alikuwa ameolewa Nairobi na bwana wa kutoka bara, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuja kula Krismasi kwa wakwe. Walivuka feri na mzigo ambao uliwashinda kubeba: gunia la viazi, kabichi kubwa kuliko kichwa cha babu, karoti, njegere, kana kwamba walisikia huku kuna njaa. Baba Mdogo Njoroge alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kwa mwili mzima. Joto lilimtesa. Alioga mara nne kwa siku na katikati ya kuoga alijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Kiswahili chake kilitufanya sisi watoto tujifiche chini ya kitanda kucheka, maana alisema, "Hii mbuzi yenu iko na sauti kubwa," nasi hatukuwahi kusikia mbuzi akisemwa kama kiti. Lakini tulimpenda. Alibeba watoto wawili kwa mpigo na hakuna aliyemwomba kitu akakataa.

Mimi aliniletea viatu. Si viatu hivi hivi. Vilikuwa vyeupe, na kwenye kisigino kulikuwa na taa nyekundu zilizowaka kila ulipokanyaga. Nilipovivaa usiku wa kuamkia Krismasi niliambiwa nilale navyo kama sitaki kuvivua, nikalala navyo.

Asubuhi ya Krismasi baba alikuwa amekwisha kwenda zamu ya alfajiri. Mama na Mama Mdogo Sidi walikuwa wakienda ibada ya kwanza. Mama alifunga kilemba chake mbele ya kioo, akaniambia, "Kadzo, nenda kamwite Baba Mishi. Usichelewe. Ukirudi, waoshe wadogo zako." Kisha akamgeukia Baba Mdogo Njoroge, aliyekuwa amekaa uani akimtazama mbuzi, akamwambia kwa adabu, "Shemeji, wewe pumzika. Huyo mbuzi ana mwenyewe wa kumchinja." Wakaondoka.

Nyumba ya tatu si safari. Ni hatua ambazo mtoto angezimaliza akishikilia pumzi. Lakini nilikuwa na viatu vile, na njiani nikakutana na wasichana watatu wa mtaa, na jua lilikuwa limeshawaka kiasi kwamba taa hazikuonekana. Niliruka, nikaruka tena, wakasema, "Muongo, haviwaki." Sikuweza kuliacha neno lile likae hivyo. Nikawaongoza mpaka nyumba ya Bi Zuhura, ambayo ukumbi wake ulikuwa na giza hata saa sita mchana, tukafunga mlango wa mbele na wa nyuma, nami nikaruka. Mayowe yaliyotoka mle ndani! Kila mmoja akataka ajaribu. Kila mmoja akataka kuruka mara kumi, na mwenye mguu mkubwa akalazimisha, tukabishana, tukahesabiana upya. Watoto wengine wakaja. Nilikuwa malkia wa ule ukumbi, na ninawaambia kwa aibu kuwa Baba Mishi alinitoka kichwani kama vile sikuwahi kumjua.

Nilipokumbuka, jua lilikuwa limepanda juu ya minazi. Nikavinyakua viatu vyangu nikakimbia peku. Njia ya kwenda kwa Baba Mishi ilipita nyuma ya uani kwetu, na juu ya ua wa makuti nikaona kitu kilichonisimamisha. Mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye nguzo ya kamba ya nguo, amekwisha kuchunwa nusu.

"Kadzo!" Baba Mdogo Njoroge aliita kwa furaha. Alikuwa amekunja suruali na mikono ya shati, jasho likimtiririka, kisu cha jikoni mkononi. "Nimeona hii kazi inangoja tu. Nikasema wacha niimalize. Mama yako akirudi atapata kila kitu iko tayari."

Ilinichukua miaka kuelewa kuwa mtu yule hakufanya ujeuri wowote. Kwao, mwanamume aliyekwenda kwa wakwe na kumwona mbuzi amefungwa hawezi kukaa akijipepea huku akingoja mwingine amchinje. Ni aibu. Na wakwe wakimwambia apumzike, mwenye akili huinuka, kwa sababu wakwe hawawezi kusema vingine. Mama alimwambia neno la kweli kwa adabu ya pwani, naye akalisikia kwa adabu ya kwao. Mtu wa katikati aliyepaswa kuwa ameshamwita Baba Mishi alikuwa gizani kwa Bi Zuhura akiruka.

Ningesema pale pale, mambo yangekuwa mepesi. Lakini nilimtazama Baba Mdogo alivyofurahi, nikatazama viatu alivyoniletea mkononi mwangu, nikamsikia mama masikioni akisema usichelewe. Nikanyamaza. Baba Mdogo alimaliza, akakata nyama vizuri kabisa, akaipanga kwenye beseni, akaoga mara ya pili, kisha akawachukua wadogo zangu kwenda kuoga baharini. Mimi nilisema tumbo linaniuma. Hapo sikudanganya.

Mama aliporudi alisimama mbele ya beseni akapendezwa. "Baba Mishi leo ameikata hasa," akasema. "Alikuja mapema?"

"Alikuja," nikasema.

"Umempa shingo yake aende nayo?" Maana shingo ilikuwa haki ya mchinjaji.

"Alisema tuipike tu, atakula hapa hapa."

Mnaona jinsi uongo unavyotaka mwenzake. Wa pili ulitoka wenyewe, umevaa vizuri kuliko wa kwanza. Mama akatikisa kichwa kwa shukrani, akasema yule ni mtu mwema, akaanza kumenya vitunguu saumu.

Saa mbili zilizofuata sizisahau. Pilau ya mama ilikuwa ikijulikana mtaa mzima. Bizari, mdalasini na iliki vilipanda, vitunguu vikawa vyekundu, nyama ikaingia ikachacharika, na kadiri harufu ilivyozidi kuwa tamu ndivyo nilivyozidi kuumwa. Niliwaza Mama Mishi akikaa mkekani, akikunja mkono wa buibui lake, akitia tonge la kwanza mdomoni kwa imani. Yule aliyetungoja nje ya kanisa. Yeye angelikula kwa sababu yetu kitu ambacho maisha yake yote hakukila, na angenishukuru nikimletea maji ya kunywa. Sikuwa na hofu ya Mungu kama nilivyokuwa na hofu ya uso wake.

Kisha Mishi mwenyewe akaja, amevaa gauni lake la Idi, akakaa kwenye kibao akaanza kukuna nazi bila kuulizwa, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mama alifurahi kumwona. Alikuwa ameweka ini makaani kwa ajili ya wapishi. Akakata kipande kizuri, akakinyunyizia chumvi na ndimu, akampa Mishi mkononi. Mishi alikishika kwa vidole viwili. Sikufikiri. Nilimrukia, nikampokonya, nikakitia chote mdomoni mwangu kikiwa bado moto.

Mama alinipiga kofi la mgongo lililonitoa machozi. "Mlafi wee! Mbele ya mgeni! Umelelewa wapi?" Mishi alinitazama tu. Nilitafuna ini lile huku ulimi ukiungua na machozi yakinishuka. Mama akataka kumkatia kipande kingine. Mishi akasema kwa sauti ndogo, "Ahsante mama, nitakula na wenzangu." Nilikula kofi hilo kwa moyo mmoja. Lakini nilijua siwezi kupokonya sinia zima.

Baada ya adhuhuri wakaja. Baba alikuwa amesharudi kutoka kazini, Baba Mdogo na wadogo zangu wamerudi kutoka baharini, naye amekwisha kuoga mara ya tatu. Mkeka ulitandikwa uani. Baba Mishi alipiga hodi mara tatu kama kawaida, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, Mama Mishi nyuma yake na sahani ya kaimati. Salamu zilikuwa ndefu, hakuna aliyeachwa bila kuulizwa hali. Na katikati ya salamu hizo mama akasema neno nililokuwa nikilingoja kwa roho mkononi.

"Baba Mishi, ahsante sana kwa kazi ya asubuhi. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Nilikuwa nimesimama na birika la maji, maana kuwanawisha wageni ilikuwa kazi yangu. Baba Mishi alimtazama mama. Akamtazama Baba Mdogo Njoroge, aliyekuwa akitabasamu kwa mgeni asiyemjua. Kisha akanitazama mimi.

"Sisi ndio wa kushukuru, Mama Kadzo," akasema. Akaketi mwisho wa mkeka, mbali kidogo na wengine, akanyoosha mikono. "Ndoo hapa, mwanangu. Nimiminie taratibu."

Nilipiga magoti nikaweka beseni chini ya mikono yake. Wengine walikuwa wakizungumza na kucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetazama kucha zake, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Nambia. Kazi yangu leo ameifanya nani?"

"Ni Baba Mdogo," nikasema. "Hakujua. Mimi sikuja kukuita. Nilikuwa nikionyesha viatu."

"Na mamako ajua?"

"Hajui. Nilimwambia ulikuja."

Aliendelea kunawa. Alinawa mpaka maji ya birika yakaisha, mikono safi ikazidi kuwa safi. "Katie maji mengine," akasema. Nikaenda pipani, nikajaza, nikarudi. Nilipopiga magoti tena akaniuliza, "Wataka nimwambie mimi, au wamwambia wewe?"

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Labda ni kwa kuwa hakunikaripia. Labda ni kwa kuwa mama alikuwa tayari ameinama kufunua sufuria, na mvuke wa pilau ukapanda, na Mama Mishi akasema Mashallah. Nilisimama na birika mkononi nikasema kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, "Mama, usipakue! Baba Mishi hakuja. Nilidanganya. Sikumwita."

Mama alibaki na kifuniko mkononi. Aliitazama nyama, akamtazama shemeji yake, akamtazama Mama Mishi, na uso wake ukabadilika rangi. Siku ile niliona kuwa mtu mzima naye huogopa. Alikuwa anajua, kama mimi, ni kitu gani alikuwa karibu kumlisha yule mwanamke.

"Kwani nimekosea wapi?" Baba Mdogo Njoroge akauliza. Mama Mdogo Sidi alimsogelea akamnong'oneza sikioni, na ninyi mngemwona! Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Woi, Sidi, mbona hukuniambia?" Mama Mdogo akakiri kuwa miaka ya Nairobi ilimsahaulisha. Baba Mdogo akainuka, akaenda mbele ya Baba Mishi, mtu mnene vile, akachuchumaa kama mtoto. "Mzee, nisamehe. Kwetu mkwe ndiye anachinja. Sikutaka kuharibia watu sikukuu."

Baba Mishi akamshika mkono, hakuuachia. "Hujaharibu kitu. Umewaheshimu wakweo, nani atakulaumu? Wallahi ni heshima hiyo. Sasa na sisi tupe nafasi tukuheshimu wewe." Akamgeukia binti yake. "Mishi, nenda nyumbani kalete kuku wawili. Uje na kisu changu."

Mama alikuwa bado amesimama. Akafunika sufuria. Akasema, "Hakuna atakayekula hapa kabla ya kuku hao kuiva." Baba, aliyetoka zamu ya alfajiri na hakutia kitu tumboni, aliirudisha mikono yake magotini. Mama Mishi akasema, "Msiwatese wageni na watoto, kuleni, sisi tutafuata." Mama akakataa kata kata. Ndipo Mama Mishi akavua buibui, akajifunga leso kiunoni, akasema basi na nazi zikunwe upesi kabla watu hawajaanguka.

Baba Mdogo Njoroge aliomba awashike kuku miguu. Baba Mishi akamwonyesha upande wa kibla, akasema Bismillahi, na yule mtu wa bara akashika kwa makini kama ameshika kikombe cha udongo. Kisha akawanyonyoa mwenyewe, akakataa kusaidiwa, manyoya yakamganda kwenye jasho mpaka nasi watoto tukacheka tena, wa kwanza kucheka akiwa Baba Mishi. Hapo ndipo pumzi ilipomrudia kila mtu. Mama alinifuata na mwiko jikoni, na sikumlaumu. Lakini Mama Mishi aliniweka nyuma ya mgongo wake mpana. "Mtoto amesema kabla mkono haujafika sahanini," akamwambia mama. "Huyu hapigwi leo."

Tulikula wakati wa alasiri. Pilau ilikuwa imepoa na ukoko umekauka, kuku wa nazi wanatoa moshi, kabichi la Nairobi limekatwa kachumbari. Masinia mawili yaliwekwa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akijua lake, na kaimati zikawa za wote. Nimekula katika arusi za watu wakubwa tangu hapo. Sijala chakula kitamu kama kile.

Viatu vilifungiwa sandukuni mpaka Pasaka, na kufikia Pasaka taa ya mguu wa kushoto ilikuwa imekufa. Baba Mdogo Njoroge alikuja Krismasi nyingi baada ya hiyo, na kila mara alikataa mtoto kutumwa. Alikwenda mwenyewe kumwita Baba Mishi, akapiga hodi mara tatu, akasema lile neno lote kwa Kiswahili alichokuwa amefundishwa na mkewe usiku kucha.

Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo habari yote. Nilidhani Baba Mishi aligundua uongo wangu pale pale, mama alipomshukuru, na kwamba aliniuliza kwa kuwa alitaka kujua. Mwaka jana Mishi alikuja kunitembelea hapa Miritini, nasi ni watu wazima sasa wenye watoto wa kuwapigia kelele. Tulikuwa tukikumbushana mambo ya Mtongwe, nikamwomba radhi kwa lile ini. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Ulinipokonya, nikashukuru," akaniambia. "Mama alikuwa amenionya nisitie kitu mdomoni mpaka wao wafike. Sikuambiwa kwa nini. Nilikuwa natafuta pa kulitupa."

Nikamuuliza mama yake alijuaje. Ndipo akanieleza. Asubuhi ile baba yake alivaa akangoja. Alipoona hakuna aliyekuja kumwita aliingiwa na wasiwasi labda kwetu kuna mgonjwa, akaja kwa njia ya nyuma kutazama. Aliona juu ya ua kila kitu nilichokuja kukiona mimi baadaye, mbuzi kwenye nguzo na mgeni na kisu, akarudi polepole bila kuita. Mama Mishi alisema basi wasije, watume udhuru. Baba Mishi akakataa. Alisema, "Tusipokwenda, Mama Kadzo ataona tumemsusa siku ya sikukuu yake, na yule mgeni ataondoka na aibu. Tutakwenda, tutakula hizo kabichi walizokuja nazo wageni, mengine Mungu atayafungua." Akawazuia kuku wawili bandani ili wasitoke.

Kwa hiyo alikuja kwetu, amepiga kanzu pasi, akijua hana cha kula. Alipomsikia mama akimshukuru kwa kazi asiyoifanya, alijua pia kuwa kuna mtu aliyedanganya, na akamwona ni nani, amesimama na birika. Angeweza kusema neno moja tu yakaisha. Badala yake akaenda kukaa mwisho wa mkeka.

Jumamosi iliyofuata nilivuka feri nikaenda Mtongwe. Nilimkuta barazani, macho yamemwisha nguvu, kofia ile ile iliyoshonwa kwa mkono kichwani. Nikamwamkia, nikamtajia jina langu, nikakaa chini karibu na miguu yake. Nilimwambia nimekuja kutoa shukrani ambazo zimekaa miaka mingi, kwa siku ile, na kwa mama yangu ambaye hakuwahi kujua. Nikamwambia Mishi amenieleza. "Ulikuwa unajua tangu asubuhi, Baba. Mbona uliniuliza?"

Akautafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Nalikuwa nimekungoja tangu saa moja uje unambie neno," akasema. "Asubuhi ulichelewa, mwanangu. Mchana uliwahi."